Nilivyopiga Plasta kwa Masikio Bafuni kwa Mama Mkwe

Niliacha shule darasa la sita, na hilo silifichi, kwa sababu leo kuna watu wenye digrii, kutoka Rongo mpaka Sindo, ambao kila asubuhi huvua nguo zote mbele ya kazi ya mikono yangu na hawana wasiwasi. Ninyi vijana mnaoshika mwiko sasa, mnaopenda kupiga picha taili zikiwa zinang'aa na kuziweka kwenye simu, nataka niwaambie habari za kilicho nyuma ya taili. Taili ni nguo. Mimi nilikuwa daktari wa mwili.

Mwiko nimeuweka chini kwa sababu ya magoti na vumbi la kifuani, si kwa sababu kuna aliyenishinda. Sasa nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Migori, langu mwenyewe, na kijana akija kununua simiti ya kukarabati bafu la zamani huwa namuuliza swali moja kabla sijapokea pesa: "Ukuta umeugonga?" Wengi hunitazama kama nimewauliza kama wamewaamkia ng'ombe.

Kugonga nilifundishwa na Mzee Chacha, Mkuria wa upande wa Kehancha, mtu mfupi, mkali, aliyekuwa na sarafu moja nzito ya zamani ambayo hakuwahi kuitumia kununua chochote. Aligonga ukuta kwa ukingo wa hiyo sarafu kutoka juu kwenda chini, mstari kwa mstari, kama mtu anayesoma. Plasta iliyoshika hulia kavu na fupi: ngo. Iliyoachana na jiwe hulia kama debe tupu: po. Ukisikia po, chora duara kwa chaki. Ukimaliza, ukuta una madoa kama chui, na ndipo unajua kama kazi yako ni ya siku mbili au ya wiki mbili.

"Rangi itakudanganya," Mzee Chacha aliniambia. "Funga macho, gonga tena."

Siku moja pale Isebania alinifunga kitambaa usoni kwelikweli, mafundi wengine wakija kutazama na kucheka. Niligonga ukuta mzima wa bafu, nikachora duara kumi na moja bila kuona. Akazibomoa zote kumi na moja, na zote zilikuwa tupu. Hakunisifu. Aliniuliza tu kama nimekula. Lakini tangu siku ile niliacha kuwa mtu wa kawaida.

Msidhani sijakosea. Nimekosea kwa ustadi kuliko ninyi mnavyopatia. Pale Sori kulikuwa na nyumba ya wageni, bafu lake lina rangi ya mafuta ya kijani, laini kama sahani. Ilinipasa niikwangue yote, kisha niudonoe ukuta kwa nyundo na tindo, donoa donoa, ili plasta mpya ipate pa kushikilia. Nilikuwa na haraka, nikaipiga juu ya rangi. Ilikaa siku nne. Siku ya tano mgeni mmoja, mchuuzi wa samaki, mtu mnene, alikuwa katikati ya sabuni wakati ukuta ulipoamua kumkumbatia. Alitoka mpaka barabarani na povu lake. Nilikaa miezi bila kupita Sori mchana.

Na kule Muhuru Bay nilichota mchanga palepale ufuoni, mahali akina mama walipokuwa wakianika omena, wale dagaa wa ziwani, miaka nenda miaka rudi. Kwa macho, mchanga safi kabisa. Siku mwenye nyumba alipooga maji moto mara ya kwanza, bafu zima likanuka supu. Paka wa kijiji wakahamia dirishani, wengine na watoto wao. Kwa hiyo mchanga, vijana, unusa kabla ya kuuchanganya. Usugue kiganjani pia. Ukiacha tope au mafuta, mrudishie aliyekuletea.

Lakini kazi niliyokaa chini kuwaandikia ni ile iliyobaki kidogo tu ininyime mke.

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na kitu, na nilikuwa nampenda Atieno, aliyekuwa akiuza mbegu na dawa za mifugo kwenye duka moja hapa mjini. Nilimwambia mimi ni injinia. Haukuwa uongo mzima. Watu wa mjengo waliniita Injinia, mwanzoni kwa kunidhihaki, baadaye kwa mazoea. Kila nilipokwenda kumwona nilisugua kucha kwa ndimu mpaka vidole vikawasha. Kwao nilijua tu ni upande wa Homa Bay. Sikuuliza zaidi, kwa sababu ukianza kumuuliza mtu habari za kwao, na yeye huanza kukuuliza za kwako.

Basi fundi bomba mmoja akanitafutia kazi Homa Bay: mwalimu mstaafu, mama mjane, ana bafu la zamani, ukuta unatoa jasho na rangi inavimba. Nikaenda. Mama mwenyewe alinipokea mlangoni, miwani kwenye ncha ya pua, akanikagua kama daftari lenye madoa.

"Wewe ndio fundi?"

"Mwalimu, mimi ndiye fundi wa mwisho utakayemwita."

"Tutaona. Nataka taili. Binti yangu Atieno ana mtu, na wazee wa huyo mtu wakija sitaki wakute bafu kama zizi la mbuzi."

"Mtu mwenyewe ni wa wapi?"

"Migori. Ati ni injinia."

Nilicheka huku nikitoa tindo kwenye mfuko. "Mwalimu, chunga sana. Hawa mainjinia wa Migori, nusu yao hawajui hata kushika futi."

"Hata mimi sijatulia," akasema.

Mtaniuliza ilikuwaje nisiunganishe hayo maneno. Kwanza, akina Atieno huku kwetu wako kila boma. Pili, kichwani mwangu mimi nilikuwa fundi. Injinia alikuwa mtu mwingine kabisa, niliyekuwa nikimvaa Jumapili. Na tatu ni kosa la kazi. Kabla ya kugusa plasta kuukuu mimi hufunika vitu vya sebuleni kwa shuka, maana lile vumbi huingia mpaka kwenye sukari. Nilifunika makochi, redio na picha zote za ukutani, haraka haraka, kichwa kiko kwa kazi. Atieno alikuwa kwenye picha ya tatu, akinitazama nikimfunika. Andikeni hilo mahali: angalia picha kabla ya kufunika.

Kisha nikaingia bafuni kwa Mwalimu na kuharibu kila kitu. Kwenye kamba kulikuwa na mashimizi yake. Nikayaanua kwa mikono yangu miwili, nikayakunja kwenye beseni, nikaita kwa sauti, "Mwalimu, kuja uchukue nguo zako za ndani hapa, zisijae vumbi." Nikagonga, nikapata madoa ishirini na saba. Siku tatu nilibomoa mpaka jiwe. Kila jioni nilioga mlemle kwa ndoo, nikiimba.

Ijumaa jioni nilikuwa nimefua shati na suruali, nimeanika, na Mwalimu kwa huruma akaniazima leso yake nijifunge. Nilitoka bafuni na hiyo leso kiunoni, kifua wazi, nywele nyeupe kwa vumbi, na mlangoni amesimama Atieno na mkoba wa safari.

Akanitazama kutoka juu mpaka chini, hasa hapo kwenye leso.

"Injinia," akasema.

Mwalimu akatokea jikoni na kijiko mkononi. "Mnajuana?"

Alitazama uso wa bintiye, akatazama wangu, akavua miwani. Mwalimu aliyefundisha miaka mingi hahitaji kuambiwa jibu mara mbili.

Kwa wale ambao si Wajaluo, niwaeleze kidogo. Kwetu mama mkwe tunamwita maro, na baina yake na mkwe wake wa kiume kuna heshima kama ua wa miiba. Mkwe haingii chumbani wala bafuni kwake. Halali chini ya paa lake. Hawaonani wakiwa nusu uchi, na nguo zake za ndani, jamani, hata kuziota ni makosa. Mimi nilikuwa nimesimama nimevaa ya kwake.

Nilivaa nguo zangu zikiwa mbichi, nikatoka nje kwa haraka kuliko yule mgeni wa Sori. Baadaye Mwalimu akaweka kiti barazani. Alikaa akitazama barabara, si mimi.

"Yaliyofanywa bila kujua yamepita," akasema. "Sasa unajua. Kama wewe ni fundi tu, ingia umalize kazi yako, na Jumatatu uende zako, na kwa Atieno usikanyage. Kama wewe ni mkwe, hiyo bafu hutaingia tena maisha yako yote. Lakini umenibomolea ukuta mpaka mawe, na umemdanganya mtoto wangu. Mkwe anayeacha nyumba ya mama mkwe na shimo, sina haja naye. Chagua."

Atieno alikuwa amesimama nyuma yake. Hakunisaidia hata kwa ukope.

Sasa mtu wa kawaida hapo angechagua. Mimi nikasema, "Nitamaliza bila kuingia."

"Utamalizaje?"

"Kwa masikio."

Mwalimu hakucheka. Alisema, kwa mara ya kwanza kwa ule mtindo ambao tumeutumia mpaka leo, "Atieno, mwambie aliye nje aanze kesho saa mbili."

Nyuma ya hilo bafu kulikuwa na dirisha dogo la vioo vya kulaza. Nililifunika kwa gunia upande wa nje nisije nikaona ndani, nikaketi chini yake juu ya karai lililopinduliwa. Atieno aliingia na sarafu. Alikuwa bado hajaniongelesha, kwa hiyo aligonga kama mtu anayenipiga mimi.

"Polepole. Rudi kidogo kushoto. Hapo."

"Hapo nini?"

"Kuna kipande kimebaki na kinalia po. Chora."

"Injinia wa nini husikiliza ukuta?"

"Wa aina yake peke yake."

Halafu nikasikia chaki. Baada ya saa moja alikuwa akisikia po kabla yangu, na alipokuwa akiibomoa nilisikia kitu kama kicheko kidogo kikimtoka, nikajua upande huo angalau kuna plasta iliyoshika.

Lakini ukuta ukishafika kwenye jiwe bado hujamaliza. Uulize kama una maji. Kata kipande cha nailoni, ukibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, uache mpaka kesho. Matone yakiwa upande wako, ni mvuke wa chumba tu, fungua dirisha. Yakiwa upande wa ukuta, maji yanatoka ndani, na chochote utakachopiga juu yake kitavimba. Atieno akabandika. Asubuhi akaniambia, "Matone yako nyuma."

Yule fundi bomba aliyenitafutia kazi alikuwa ameapa kwamba bomba la bafuni limepona. Nilizunguka nyumba, nikafukua kando ya jikoni, na hapo ndipo ilipokuwa siri: bomba la maji machafu ya sinki lilikuwa na ufa chini ya udongo, likiunywesha ukuta wa bafu kutoka upande wa pili miaka yote hiyo. Tukabadilisha. Nikatuma neno ndani: sasa ukuta uachwe ukauke wiki tatu.

Kisha sauti ya Mwalimu nyuma ya gunia. "Atieno, mwambie aliye nje nimeshawaalika majirani. Wazee wake waje Jumamosi ijayo, au wasije kabisa. Plasta ipigwe leo."

Vijana, nilikuwa namtaka huyo msichana kama mtu anavyotaka maji akiwa na homa. Na plasta ningeweza kuielekeza siku ileile, ingekaa vizuri mbele ya wageni, ingependeza, ingevimba baada ya miezi mitatu nikiwa nimeshaoa. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye simiti. Nikakumbuka ule mgongo wenye povu ukikimbia barabarani Sori.

"Atieno," nikasema, "mwambie aliye ndani wazee hawaji Jumamosi. Ukuta haujakauka."

"Mwulize kama anajua anachokisema."

"Anajua," Atieno akamjibu.

Nikasikia nyayo zikiondoka. Atieno akasogea dirishani na kuniambia kwa sauti ya chini, "Wewe ni mjinga sana, unajua?" Lakini hakusema kwa ubaya.

Ndugu wa baba walinikasirikia, walikuwa wameshapiga pasi makoti. Kila baada ya siku mbili nilitoka Migori mpaka Homa Bay kuketi chini ya dirisha na kuuliza, "Nailoni inasemaje?" Mwalimu hakunijibu, lakini mara ya tatu nilikuta pale chini ya dirisha, badala ya karai, kuna stuli, na kikombe cha chai kimefunikwa sahani. Wiki ya tatu Atieno akasema nailoni ni kavu pande zote mbili.

Hapo ndipo kazi ilipoanza kuwa tamu. Weupe wa chumvi na weusi wa kuvu ulikuwa tayari umesuguliwa kwa brashi ya waya na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Ukuta ukalowanishwa kidogo, usinywe maji ya simiti yetu, kisha ukapakwa uji wa simiti. Juu ya ufa wa kona tukaweka wavu wa kuku. Halafu plasta yenyewe. Atieno akarusha mwiko wa kwanza, ukaanguka wote miguuni pake. Wa pili ukaanguka. Wa tatu ulishika, kisha ukafikiria, ukaanguka.

"Wewe unacheza," nikasikia Mwalimu akisema. "Toka hapo. Lete."

Basi mama mkwe wangu akapiga plasta bafuni kwake mwenyewe, na mimi nikamwelekeza kutoka nje. Mafundi niliowafunza kazi niliwaita punda. Huyu je?

"Atieno, mwambie aliye ndani, kama itampendeza, arushe kwa kifundo cha mkono, si kwa bega."

"Mwambie aliye nje bega ni langu."

"Mwambie aliye ndani ni kweli kabisa. Lakini asugue kutoka chini kwenda juu, kwa heshima zote."

"Mwambie imeshika."

Na ilikuwa imeshika, nilisikia. Miaka ya kuandika ubaoni ilikuwa imempa mkono mtulivu kuliko wa mafundi wengi. Alipomaliza nilimwambia Atieno agonge mara ya mwisho. Ngo, ngo, ngo, ukuta mzima. Isipokuwa mahali pamoja karibu na mlango, usawa wa kiuno, upana wa sahani. Po.

Nilisikia. Atieno hakusikia, alikuwa amechoka. Mzee Chacha angenipiga kofi, lakini Mzee Chacha hakuwahi kuketi kwenye stuli ya maro.

"Kuko sawa," nikasema, baada ya kuchelewa kidogo.

Wazee wangu wakaja, mambo yakaenda vizuri, na taili Mwalimu akazikataa. Ukuta aliousugua kwa mkono wake, akasema, hautafunikwa na mtu. Ukapakwa rangi nyeupe, basi. Nimefanya mabafu ya hoteli, ya daktari, hata ya mtu mmoja aliyekuwa na bomba za rangi ya dhahabu. Lakini kazi yangu bora kuliko zote ni hiyo, na tangu ilipoisha sijaiona hata mara moja. Watoto wangu wakitoka kwa nyanya yao huwa nawauliza ukuta hali yake kabla sijawauliza yao.

Mwezi uliopita Mwalimu alikubali. Amezeeka, anataka taili za kupangusa kwa urahisi na vyuma vya kushikilia ukutani. Fundi mmoja kijana alisema plasta yote ibomolewe, bila hata kuigonga. Nikamtuma binti yangu Awino, ambaye nimemfunza mwenyewe na ana masikio yangu. Alipofika akapiga simu ya picha.

"Baba, kuja uone kazi yako."

Nikailaza simu kifudifudi mezani. "Nisionyeshwe. Gonga tu."

Akagonga. Miaka yote hiyo ya maji na sabuni, na ukuta uliitika ngo, ngo, ngo, mpaka Atieno akaja kutoka jikoni kwetu kusikiliza. Kisha ikasikika ile nyingine.

"Baba, hapa karibu na mlango panalia po."

Nyuma ya Awino nikasikia fimbo ikigonga sakafu, na sauti nyembamba kuliko zamani.

"Mwambie aliye nje hapo nilipiga mimi. Siku ile alisikia, akanyamaza. Mwambie nami nilimsikia akinyamaza."

Atieno alinigeukia polepole.

"Mwambie aliye ndani," nikasema, "masikio yangu yamezeeka. Hapo sisikii kitu."

Nikamsikia akicheka, kile kicheko cha mwalimu anayejua nani amenakili. Kisha kikafuata kitu kidogo sana ambacho ninyi msingekisikia hata mngeweka sikio kwenye simu. Chaki ukutani. Na haukuwa mkono wa Awino, maana Awino huchora haraka. Hili lilikuwa duara la mtu aliyezoea ubao, la polepole, lililochorwa bila kuinua mkono mpaka likafungana.